Deni la belo na aya ya mashahidi

Kampala, Ijumaa usiku

Sahibu yangu,

Asalaam aleikum. Barua yako ya Mbale nimeisoma mara mbili, ya pili nimenuna kidogo. Unasema hao wanaoisoma Kurani kwa jicho la historia, yaani kila aya kwa hali ya zama zilipoteremka, wamefungua mlango wasioweza kuufunga. Ngoja kwanza nikupe kisa cha sokoni.

Mwezi jana nilimkopesha mwenzangu laki nne aongezee pesa ya belo la mitumba. Hatukuandika. Niliona haya kumdai karatasi mtu ninayeswali naye safu moja. Siku ya kulipa akakumbuka laki mbili! Aliyeniokoa ni mama wa chai, hajui kusoma ila madeni ya kichochoro kizima anayo kichwani. Akamtajia siku, kiasi, na shati alilovaa. Jamaa akalipa kimya.

Usiku nikafungua sura ya Albakara, aya ya 282, ndefu kuliko zote katika Kurani. Deni la muda liandikwe; mashahidi wanaume wawili, au mwanamume mmoja na wanawake wawili, mmoja akipotea mwenzake amkumbushe. Nikacheka peke yangu. Muhammad Abduh wa Misri alieleza kwamba wanawake wa zama zile hawakuzoea biashara, ndiyo maana kumbukumbu yao ya mambo ya fedha ilikuwa dhaifu. Fazlur Rahman wa Pakistani naye akasema wakishaijua biashara, ushahidi wao uwe sawa na wa wanaume, maana shabaha ya aya ni ukweli upatikane. Hapa soko la Owino, sahibu, waliohitaji kukumbushwa ni wanaume wawili.

Lakini usidhani nimeshahamia kwao na virago. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanasema hata tabia ya mwanadamu ni zao la zama zake, fitra, yaani maumbile ya asili aliyozaliwa nayo, hakuna. Hapo nateremka garini. Huyu mdeni wangu, hata mtu wa Madina ya zama za Mtume angemtambua mara moja. Kwa ajili ya watu kama yeye ndiyo kukaagizwa aitwe mwandishi. Na sura ya Almaarij, aya ya 19, inasema mtu ameumbwa na pupa, haikutaja karne.

Kinachoniwasha ni hiki: kama kila msomaji amefungwa na zama zake, mimi na macho yangu ya Owino nimefunguliwa na nani? Muulize sheikh wako wa darsa, uniandikie jibu lake hata kama ni la kunikemea.

Daftari la madeni nimeshanunua. Ukija nitakupeleka kwa yule mama. Chai yake tangawizi tupu.

Wasalaam,
Nduguyo wa Kisenyi