KCSE ya Salma na vyuo vya huku

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu Mama Salma,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, alhamdulillahi, natumai nanyi Likoni hamjambo.

Umeuliza kama Salma, kwa B- yake ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari huko Kenya, aweza kuvuka mpaka wa Horohoro akaanza digrii Tanzania moja kwa moja. Kwa cheti hicho peke yake, la. Na kosa si lake, amefaulu vizuri. Kwenu C+ yatosha kwa chuo kikuu kwa kuwa mfumo wa elimu wa 8-4-4 uliondoa kidato cha tano na cha sita, kwetu vingalipo. Basi KCSE husomwa huku kama kidato cha nne, na mlango wa digrii ni principal pass mbili (ufaulu wa somo kuu, kuanzia A hadi E) za kidato cha sita, jumla isipungue pointi 4, A ikiwa 5 na E ikiwa 1. Hiyo E huwachanganya watu wa kwenu: KCSE E ndiyo mkiani kabisa, lakini kidato cha sita huku bado ni principal.

Hata hivyo asikate tamaa, njia zipo. Akipata C tatu au zaidi baada ya alama zake kulinganishwa na za Tanzania, anaweza kusoma kidato cha tano na sita kwa miaka miwili. Au aingie kozi ya cheti kisha stashahada, kwa kawaida miaka mitatu, atoke na GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0. Mimi ningemshauri stashahada, hasa kama fani anaijua tayari: hata digrii ikichelewa, atakuwa na kitu cha kuombea kazi. Kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo hapa Tanga, ni fupi zaidi, lakini matokeo ya KCSE pekee hayamwingizi. Huwa inataka kidato cha sita chenye alama pungufu, au stashahada yenye GPA ndogo.

Njia yoyote atakayochagua, kwanza ni ulinganifu, yaani cheti chake kupimwa kwa viwango vya huku. Wengi hukimbilia TCU, tume ya vyuo vikuu, nao huwarudisha. Vyeti vya sekondari ni kazi ya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, vyeti vya vyuo na stashahada ni NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na digrii ndiyo ya TCU. Maombi ya NECTA hufanywa mtandaoni: askani cheti halisi kwa rangi, si fotokopi, na alipie kwa namba ya malipo atakayopewa. NECTA itataka kujiridhisha na KNEC, baraza la mitihani la Kenya, kwamba matokeo ni ya kweli, na hapo ndipo siku hupotea. KNEC ina mfumo wake wa mtandaoni, QMIS, wa kuomba uthibitisho wa matokeo. Afungue akaunti mapema.

Sasa jambo dogo linalowaangusha wengi: majina. Cheti cha kuzaliwa kikisema Salma Juma Bakari na KCSE ikasema Salma Bakari, mfumo hauna huruma. Atengeneze hati ya kiapo kwa wakili kabla ya kutuma chochote, na jina atakalolichagua alitumie vilevile kwenye pasipoti, fomu ya chuo na benki.

Akishapata namba ya ulinganifu, ndiyo ataijaza kwenye fomu ya chuo pale Watanzania wanapojaza namba ya mtihani. Bila namba hiyo, fomu haisongi mbele. Maombi ya digrii huenda chuoni moja kwa moja, na dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka, likishafungwa limefungwa. Kwa hiyo ulinganifu uanze mara tu cheti kinapotoka, asingoje Julai.

Utasikia watu wakisema wakuu wa Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu mwaka 2017, kwa hiyo vyeti vinapita vyenyewe. Tangazo lipo kweli. Kwenye dawati la udahili bado utaulizwa karatasi ya NECTA.

Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, msiuhesabu, ni wa raia wa Tanzania. Pia atahitaji kibali cha ukaazi cha mwanafunzi kutoka Uhamiaji, nacho hutolewa kwa barua ya chuo, hivyo hakiwezi kutangulia.

Nitumie picha ya cheti chake cha kuzaliwa na ya KCSE, nione majina yanasomaje, kisha nikuambie kama wakili anahitajika.

Shogayo,
Mama Omari