Asilimia 53 si wanaume 53

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuwazungumzie wenzetu wanaoandaa mapitio ya tafiti kwa ajili ya watunga sera. Mara nyingi faida ya afua, yaani hatua ya kinga au tiba, huvimbishwa bila mtu kudanganya popote. Huvimba kwenye uandishi.

Chukueni jaribio la tohara ya wanaume la Kisumu, lililochapishwa 2007. Washiriki walikuwa 2,784, wa miaka 18 hadi 24. Katika miaka miwili, waliopata VVU walikuwa asilimia 2.1 kwenye kundi la tohara na 4.2 kwenye kundi la ulinganisho. Watafiti walikadiria kuwa hatari ilipungua kwa asilimia 53, makadirio yakiwa kati ya 22 na 72. Ni kweli, ila msomaji asiye mtaalamu huelewa kwamba katika kila wanaume 100 wamekingwa 53. Waliokingwa ni wawili hivi: watahiriwe wapatao 48 ili kuzuia ambukizo moja ndani ya miaka miwili. Mahali ambapo hatari ya msingi, yaani ya wasiotahiriwa, ni asilimia 0.4, punguzo lilelile la 53 litahitaji wanaume karibu 470. Kwa hiyo asilimia ya punguzo na idadi halisi ya waliokingwa, muda wa ufuatiliaji na ncha mbili za makadirio vikae aya moja, na hesabu irudiwe kwa hatari ya eneo ambalo sera inalengwa.

Jaribio hilo lilisimamishwa mapema, Desemba 2006, kwa kuwa faida ilikwisha kuonekana. Majaribio yanayokatishwa hivyo huelekea kuonyesha faida kubwa kuliko ilivyo, maana hukatwa namba zikiwa zimepanda. Hapa tunaamini matokeo kwa sababu majaribio mengine ya tohara, ya Orange Farm (Afrika Kusini) na Rakai (Uganda), yalielekea kulekule. Palipo na jaribio moja tu, mpitiaji aliseme hilo wazi.

Kosa linalotusumbua zaidi ni la majaribio yaliyogawa shule au vijiji, kisha yakachambuliwa kana kwamba kila mtoto aligawiwa peke yake. Watoto wa shule moja hufanana. Shule 20 zenye watoto 50 kila moja, kiwango cha kufanana kikiwa 0.05: zidisha 49 (yaani 50 kutoa 1) kwa 0.05, ongeza 1, unapata 3.45. Gawanya 1,000 kwa 3.45: watoto 1,000 wana uzito wa watoto 290 tu. Asiyefanya marekebisho hayo huupa utafiti huo uzito usiostahili anapojumlisha matokeo, na ncha za makadirio zinakaribiana kwa uongo.

Pia linganisheni kila makala na itifaki (mpango wa utafiti) iliyosajiliwa, mathalani kwenye sajili ya majaribio ya Afrika, PACTR. Tokeo kuu lililotajwa pale likikosekana kwenye makala, liandikwe kuwa limekosekana.

Mwisho, vitenzi vilingane na nguvu ya ushahidi. Ushahidi imara: "inapunguza". Wa kati: "yaelekea inapunguza". Dhaifu: "huenda ikapunguza". Dhaifu sana: "hatujui kama inapunguza". Wahariri wa muhtasari hupenda kufuta "huenda" ili sentensi ifupike, tunawaomba wasiiguse.

Wenu,
Wapitiaji wa tafiti za afya