Bei ya dawa ya kiungulia ibandikwe ukutani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linalotuumiza wengi. Mama yangu ameandikiwa dawa ya kiungulia iitwayo omeprazole, miligramu 20. Famasi ya karibu na stendi walimpa boksi la shilingi 26,000. Mtaa wa pili nikapata dawa hiyohiyo, miligramu zilezile, kwa shilingi 3,000. Tofauti ilikuwa jina lililoandikwa kwenye boksi.

Omeprazole si dawa mpya. Kampuni ya Astra ya Uswidi iliitoa mwaka 1988 kwa jina la Losec, na hataza yake, yaani haki ya kampuni hiyo peke yake kuitengeneza, ilishakwisha zamani. Viwanda vingi, hasa vya India, vinaitengeneza, ndiyo maana inaweza kuuzwa rahisi. Bei hupandishwa na jina la kampuni, kupanda kwa dola (maana dawa zetu nyingi zinaagizwa nje), na faida ya kila mkono inaopitia, kuanzia mwagizaji, muuzaji wa jumla hadi mwenye duka. Halafu kuna esomeprazole, ndugu yake wa karibu kabisa, ambayo mgonjwa hupewa kama "ile nzuri zaidi" bila kuulizwa mfukoni ana nini.

Kwa mzee anayeimeza kila asubuhi kabla ya chai, hiyo ni hela ya unga.

Naomba wenye famasi wabandike bei ukutani, na mfamasia amwambie mteja kama ipo ya bei nafuu iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa nchini. Nanyi wagonjwa wenzangu, ulizeni kabla ya kulipa.

Msomaji wenu,
Morogoro