Ukikutana na Watu wa Nyumbani Dubai

Mwanangu,

Viza umepata, tiketi unayo, orodha ya vipuri unaijua kuliko mimi. Upande wa biashara sina wasiwasi. Nakuandikia juu ya watu.

Ukitembea Deira, mtaa wa Dubai, jioni, kuanzia Naif hadi uwanja wa Baniyas, utasikia Kiswahili cha Dar, cha Mombasa, cha Unguja, hata cha Lubumbashi. Na sura unayoijua lazima utaiona. Utafurahi, na ni haki yako. Ila furaha hiyo ndiyo humfanya mtu akubali jambo ambalo Kariakoo asingemkubalia mtu yuleyule.

Kwanza pima unamjua kiasi gani. Mtu akikuita, "Wewe si wa Magomeni?" usimjibu, "Hapana, wa Tandika, mtoto wa fulani." Ukishasema hivyo, dakika tano baadaye atakusimulia mtaa wenu kama kazaliwa humo. Msalimie, cheka naye, kisha muulize yeye: ulikaa wapi, jirani yako nani, ulisoma na nani? Halafu nyamaza, mwache amalize. Wa kwetu kweli hataudhika. Atakutajia mpaka majina ya utani.

Ukimkuta kazini, pengine kavaa sare ya ulinzi mlangoni, salamu yako iwe fupi. Msimamizi wake anamtazama. Mwachie namba, akitoka zamu atakupigia. Usimpige picha: sheria za kule hazitaki picha ya mtu isambazwe bila ridhaa yake, na huenda kwao wanajua ni karani wa ofisi. Ukiirusha kwenye grupu la ukoo umemuumbua. Akikutuma salamu, zifikishe. Asipokutuma, hukumwona.

Kwenye metro, ukikutana na binti wa mtaani kwetu, mwache aingie behewa la wanawake na watoto, wewe panda lingine. Ukimfuata mle kwa ajili ya maongezi, faini dirham 100 za pesa yao. Kula ndani ya treni nayo ni faini, kwa hiyo hayo maandazi aliyokupa yasubiri.

Sasa mzigo, maana hapa ndipo watu wanapoumia. "Nibebee hiki tu, kidogo." Tiketi yako inaruhusu mabegi mawili ya kilo 23, na vipuri vitakula karibu zote. Lebo ya begi ina jina lako. Mbele ya askari kilichomo ni chako, uape usiape. Kwa hiyo pokea mzigo wa mtu ambaye unamjua mpaka kwa wazazi wake, basi. Upokee mchana, siku moja kabla, si usiku wa kuondoka ambapo huna muda wa kukagua. Ufunguliwe mbele yako na uufunge mwenyewe. Nguo zikung'ute moja moja, papasa pindo na kola. Kiatu, inua soli ya ndani. Kopo lililokwisha kufunguliwa, mrudishie.

Pawabenki haiingii tumboni mwa ndege, kwa sababu betri yake ikishika moto kule hakuna wa kuizima haraka. Mtu akikuwekea moja katikati ya mashuka, begi lako litazuiwa. Manukato ni kinyume chake: chupa inayozidi mililita 100 haipiti kwenye begi la mkononi. Dhahabu usiguse. Simu mpya za watu wengine pia acha, kwani ushuru ataulizwa aliyebeba. Wanaong'ang'ania waelekeze kwenye ofisi za kargo, wanapima kilo na kutoa risiti.

Hata huku kabla hujaondoka utaombwa. Dagaa na unga, kagua. Mirungi usithubutu, na vidonge vya maumivu vyenye tramadol au kodeini viache, hata wakikuambia ni vya mama mgonjwa. Kule ni kesi ya dawa za kulevya.

Pesa badilisha kwenye duka la kubadilishia fedha. Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja kwa dirham 3.67, hivyo anayekupa bei tamu kuliko hapo ana lake. Wapo watakaosema, "Nipe dirham hapa, ndugu yangu atakutumia shilingi." Meseji ya muamala hughushiwa. Na kutuma fedha kienyeji bila usajili ni kosa huko.

Pasipoti hoteli wataikopi na kukurudishia papo hapo. Mwingine yeyote asikae nayo. Kibarua cha siku mbili kwa viza ya matembezi, kataa.

Ukikutana na msichana aliyetoroka kwa mwajiri, mnunulie chakula, umpeleke kwa teksi ubalozi mdogo wa Tanzania hapohapo Dubai. Usimlaze chumbani kwako wala kwa rafiki, kwani kumficha asiye na kibali kuna faini nzito, na yeye hatakuwa amesaidika. Namba ya ubalozi iandike kwenye karatasi leo. Polisi ni 999.

Mama yako

Kingine: shangazi yako ameomba udi. Risiti iwe kwa jina lako, naye alipe kabla hujaondoka.