Mikopo ya akina mama na kipigo cha nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi tulio katika vikundi vya akina mama tunalijua vizuri, lakini halitajwi inapojadiliwa mikopo ya halmashauri, nalo ni fedha ya mkopo kuchukuliwa na mume kwa nguvu.

Tangu mwaka 2024, Serikali iliporejesha mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyokuwa imesitishwa mwaka 2023, gumzo limekuwa vikundi hewa na wadaiwa sugu. Ni gumzo la haki. Hata hivyo, miongoni mwa wanawake, ambao hutengewa asilimia 4 katika hizo 10, wamo walioshindwa kurejesha kwa sababu fedha yenyewe hawakuitumia. Mimi ni mhazini wa kikundi, na nimemwona mwenzetu, muuza samaki wa kukaanga, akija siku ya marejesho amejitanda kanga hadi machoni, mkono umevimba hata kushika karai hawezi. Mtaji wa kununulia samaki katika soko la Feri alinyang'anywa usiku wa siku ile ile aliyoutoa kwenye simu. Kwa kuwa tunadhaminiana, deni lake tulilichanga sisi. Wapo walionung'unika, wala siwalaumu, kwani walichomoa kwenye mitaji yao.

Fomu tulizojaza ziliuliza habari za biashara, makazi na wadhamini, lakini hapakuwa na mahali pa kueleza kwamba mkopaji ameporwa na mtu wa nyumbani mwake, hivyo aliyeumizwa na aliyetapanya huandikwa katika orodha moja.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki ya kumiliki mali sawa na mume, na kifungu chake cha 66 kinatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, ingawa hakikutaja adhabu ya anayekikiuka. Madawati ya jinsia yapo polisi. Lakini kwa anayeishi kwa mauzo ya siku, kufuata PF3, ile fomu ya polisi ya aliyejeruhiwa, kituoni, kwenda nayo hospitali na kuirudisha ni siku nzima bila kuwasha jiko, na jioni anarejea kwa mwanamume yule yule. Nao utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walishawahi kufanyiwa ukatili wa kimwili, kwa hiyo afisa anayepitisha mikopo hawezi kusema haya ni ya nadra.

Ninachoomba ni kanuni za mikopo ziruhusu marejesho ya mwanachama aliyeripoti dawati la jinsia au ustawi wa jamii yasogezwe mbele, bila kikundi kizima kunyimwa awamu inayofuata, na aliyechukua fedha ndiye adaiwe. Watakuwapo watakaosema wanawake watasingizia kupigwa ili wakwepe madeni. Atakayesingizia itambidi kwanza amshtaki mumewe polisi, na kwa ninavyowajua wanawake wa mtaani kwetu, wengi wangeona heri kulipa deni.

Mhazini wa kikundi cha akina mama,
Mbagala, Dar es Salaam