Mdogo wangu, usiwatoe vyura kwenye kaseti ya babu

Mdogo wangu,

Salamu kutoka Kisumu. Mama hajambo, ni goti tu linalomsumbua. Nimeamua kukuandikia mbele za watu kwa sababu najua wenzako wengi wenye studio huletewa kaseti za wazee, na kazi ya kwanza wanayoifanya ni hiyo hiyo unayotaka kuifanya wewe.

Ulinitumia nusu dakika ya nyatiti ya babu, kinubi cha Waluo, ukasema umeisafisha. Nimeisikiliza mara nyingi. Nyuzi zote nane zinasikika moja moja, na kwa hilo nakupongeza. Lakini Ahero, alikorekodiwa babu, imetoweka. Vyura wa mashamba ya mpunga hawapo, mvua juu ya mabati haipo, na gara, njuga za mguuni mwa babu, zimekuwa kama mtu anayekwaruza karatasi chumba cha pili. Ni kama babu anapiga akiwa ndani ya chupa.

Zamani hata mimi ningekuambia safisha. Kilichonibadilisha kilitoka mbali sana. Usiku mmoja stima zilipotea mtaa mzima, nikaweka vipokea sauti masikioni na kusikiliza sauti zilizorekodiwa chini ya barafu ya Antaktika. Mwaka 2005 wanasayansi wa Taasisi ya Alfred Wegener ya Ujerumani walitoboa barafu yenye unene wa karibu mita 100, pale Ekström, wakashusha maikrofoni za majini na kurusha sauti hizo moja kwa moja kwenye intaneti. Nilitarajia kimya. Nikamsikia sili wa Weddell, mnyama wa baharini, akipiga mluzi unaoanza juu kabisa na kuteremka, ukiteremka tena, hadi ukawa mngurumo. Ukinisikilizisha bila kunieleza, ningesema ni kinanda cha umeme.

Na barafu nayo ina sauti yake. Theluji inapoangukia theluji kwa karne nyingi, hewa hubanwa ndani yake ikawa viputo vidogo vidogo. Kipande cha barafu kikimeguka na kuyeyuka baharini, viputo hivyo hupasuka kimoja kimoja, na chini ya maji mlio wake ni kama samaki anayetumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Hewa ya kale inatoka hapo, mdogo wangu, hewa iliyofungiwa kabla ya babu wa babu kuzaliwa.

Sasa fikiria mtu aondoe barafu abakize sili peke yake. Utajuaje kwamba mnyama huyo ana paa la barafu juu ya kichwa? Paa la babu lilikuwa mabati, na usiku ule mvua ilikuwa ikiyapiga.

Watunzi wa muziki nao wameliona hili. Mwaka 1972 Einojuhani Rautavaara wa Ufini alitunga Cantus Arcticus, muziki wa okestra pamoja na ndege aliowarekodi kaskazini mwa nchi yake, kwenye vinamasi vya Liminka. Ndege hawakuwekwa nyuma kama pambo. Filimbi zinaanza, kisha ndege wanaingia na kushika nafasi yao kama wapigaji wengine. Nakiri kwamba aliichezea sauti ya ndege mmoja, akaipunguza kasi hadi ikashuka oktavi mbili. Kwa hiyo sisemi studio isiguse kitu. Yeye aliigeuza ile sauti ili tuisikie zaidi. Wanawake wa Kiinuit, wenyeji wa kaskazini kabisa mwa Kanada, wana mchezo wa katajjaq: wawili wanasimama uso kwa uso, wanavutana kwa sauti za kooni zinazoiga upepo au bata bukini, na anayecheka kwanza au kuishiwa pumzi ameshindwa. Kata kicheko mwishoni, utabaki na pumzi tupu usijue nani kashinda.

Usidhani haya ni mambo ya watu wa mbali. Kuanzia Agosti au Septemba, teremka hadi Ziwa Nakuru, hapo karibu nawe, utazame ukingoni kwenye matope. Kuna kitwitwi wadogo mno, uzito wao ni kama gramu 25, wanaokimbia wakidonoa. Hao huzaliana kwenye tundra, nyanda za baridi zisizo na miti, kaskazini kabisa mwa Skandinavia na Siberia, kisha huja kukaa kwetu hadi mwezi wa Aprili au Mei. Mlio wao mwembamba umesikika kando ya barafu na unasikika kando ya magadi. Nenda na kinasa sauti chako alfajiri, kabla ya magari.

Turudi kwenye programu yako ya kusafisha sauti. Inachukua mfano wa kelele, kisha inaupunguza kila mahali. Shida ni kwamba mvua kwenye mabati na mvumo wa kaseti vyote vimetanda kwenye masafa yote ya sauti, ya chini hadi ya juu, hivyo kwa mashine ni kitu kimoja. Gara nazo ziko huko huko juu, ndiyo maana zimeondoka pamoja na mvua. Mvumo wa mkanda wenyewe sina ugomvi nao, upunguze kidogo kwa uangalifu, mkono uwe mwepesi. Kisha weka nakala nzima isiyoguswa mahali salama, na kaseti yenyewe nirudishie utakapokuja.

Upande wa pili bado hujaufikia. Ukifika dakika ya 11 hivi, utasikia babu ameacha nyuzi. Mvua imezidi, ni mabati na vyura tu. Programu itakuambia hapo hakuna kitu. Mimi nilikuwepo, nimeshika redio ya kurekodia kwa mikono miwili, wewe umelala mgongoni mwa mama. Nilidhani wimbo umekwisha nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kuzima, na babu akanitikisia kichwa: acha. Akakaa akisikiliza. Kisha pete ya kidole gumba cha mguu ikaanza kugonga ubao wa nyatiti polepole, ikiifuata mvua, na nyuzi zikaingia baadaye.

Dada yako