Barua ya wazi kwa shefu mpya wa divisheni yetu, Lubumbashi

Baba Shefu,

Karibu kwetu. Siku ya kukupokea uliahidi mbele ya watu kwamba utarudisha moyo wa kazi kwa watumishi wa divisheni. Lilinifurahisha neno hilo, na nimeona nikujibu hadharani, kwa kuwa haya si ya ofisi yetu peke yake. Mtumishi wa serikali akisoma barua hii Kampemba, Likasi au Kolwezi, atadhani imeandikwa na jirani yake wa meza.

Nianze na yasiyo katika uwezo wako, tuyaweke kando. Mshahara wetu unapangwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, na huwezi kuuongeza hata faranga moja. Sendika, vyama vyetu vya wafanyakazi, zinaupigania; acha zipiganie. Ninaloomba tu ni kwamba usituhubirie uzalendo mwezi ambao watoto wetu wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali, yaani karo ya shule. Njaa ni njaa, na semina haiishibishi.

Wenzangu wengi husema mshahara ukipanda yote yatanyooka. Mimi siamini hivyo, na nina sababu. Nimeingia kazini zamani, wakati pesa ilikuja katika mifuko, tunasimama mbele ya mhasibu, na kila mkono iliopitia umeshachukua chake. Mwaka 2011 serikali ikaanza kutulipa kupitia benki. Wizi ule ukapungua sana, na wengi wetu tulishika mshahara mzima kwa mara ya kwanza. Tulishukuru. Lakini asubuhi iliyofuata ofisini hakuna kilichobadilika: watu walisaini daftari la mahudhurio saa mbili, na saa nne viti vilikuwa vitupu. Kuna kitu kingine kilichovunjika hapa, Baba Shefu, na hicho kiko mikononi mwako. Kwetu, aliyefanya kazi na asiyefanya wanapimwa sawa.

Angalia primi. Sehemu ya pesa ambayo huduma yetu inakusanya hurudi kwetu ili tugawane, na kwa wengi ndiyo inayonunua unga wa bukari. Hugawiwa namna hii: tunaitwa mmoja mmoja, mlango unafungwa, tunaonyeshwa karatasi iliyokunjwa ili tusione mistari ya wenzetu, tunasaini, tunatoka. Kuanzia hapo siku nzima imekwisha. Hakuna faili linalofunguliwa; kila mtu anamhesabia mwenzake mfukoni. Anayekaa kwenye gishe, dirisha la kuhudumia raia, ambaye ndiye aliyepokea pesa hizo toka kwa raia na kuandika kila risiti, anasikia kwamba mtu asiyeonekana kazini amepata mara tatu yake. Labda ni kweli, labda ni uongo. Hana njia ya kujua. Basi wiki inayofuata anaanza kujilipa mwenyewe: mama kutoka Katuba akija kuchukua karatasi yake anaambiwa mtia saini hayupo, arudi kesho, mpaka aelewe kwamba anadaiwa madesu ya bana, yaani hongo. Yule mama anatuita wezi. Anasema kweli, lakini hajui kwamba wizi ule ulianzia nyuma ya mlango uliofungwa.

Bandika orodha ya primi kwenye valvu, ubao wa matangazo, pale kila mtu anapopita. Jina, cheo, siku alizokuwapo, kazi aliyoifanya, kiasi alichopata. Nikiona langu ni dogo kuliko la jirani yangu, na sababu imeandikwa, nitaumia, lakini nitajua la kufanya. Wapo watakaokuambia kwamba orodha ya wazi italeta fujo. Waangalie vizuri wanaosema hivyo, kisha uangalie mistari yao kwenye ile karatasi iliyokunjwa.

La pili ni kotasio ya mwaka, yaani alama anazopewa kila mtumishi kwa kazi yake. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 kuhusu watumishi wa serikali, iliyochukua nafasi ya ile ya 1981, haikuleta kotasio kama pambo. Kupanda cheo kunaitegemea. Juu kabisa kuna alama ya elite, na chini kuna alama ya mtu asiyefaa. Kwetu fomu hizo hujazwa zote kwa alasiri moja. Karibu kila mtu anapewa alama ya kati ili pasiwe na uadui, na elite inabaki kwa wenye jamaa. Tulikuwa na kijana mmoja katika chumba cha nyaraka. Mvua ilipoingia kupitia paa, yeye ndiye aliyebeba mafaili, akayaanika, akayapanga upya kwa miaka na kwa mitaa, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Leo faili la mjane linapatikana kwa dakika chache kwa sababu yake. Mwisho wa mwaka alipata alama ileile ya mtu anayekuja Jumatatu tu. Hakulalamika. Alitafuta kazi kwa kampuni moja inayohudumia migodi huko Kolwezi, akaenda. Tunasema migodi inatunyang'anya vijana kwa pesa zake, na ni kweli inalipa kutushinda. Lakini huyu nilimsikia siku ya kuaga. Hakutaja pesa hata mara moja.

Kwa hiyo usitie saini kotasio yoyote ambayo shefu wa biro hawezi kuieleza kwa mifano miwili mitatu, akiwa ameketi na mhusika uso kwa uso. Hata mimi nina watu chini yangu. Nilazimishe na mimi. Ni kazi nzito kumwambia mtu wa rika lako kwamba mwaka huu hakufanya kitu, na ndiyo maana tunaikimbia.

Kuna wenzetu wanaoitwa Nouvelles Unités. Wana barua ya kuajiriwa, wana meza, wana kazi, ila hawana matrikule, yaani namba rasmi ya utumishi, wala mshahara. Wengine wameota mvi katika hali hiyo. Matrikule huitoi wewe, najua. Lakini kila shefu aliyepita aliwaambia "mambo yanakaribia", na neno hilo limewaumiza kuliko kimya. Waambie ukweli kila baada ya miezi mitatu: faili lako liliondoka hapa tarehe fulani, liko mahali fulani, linakosa karatasi fulani. Na wasitumwe tena kuwanunulia wakubwa chakula cha mchana. Walisomea kazi.

Vifaa sitavichelewesha: mtumishi anayenunua karatasi za ofisi kwa pesa yake atamwuzia raia karatasi hizo. Sote tunalijua.

Jiji letu lina historia ambayo mkubwa yeyote wa kazi angefaa kuikumbuka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, na mfanyakazi wake alitembea katika mitaa yetu ya Kenya na Kamalondo kifua mbele. Kisha mambo yakaharibika nchi nzima. Mwaka 1994 bei zilipanda zaidi ya asilimia 9,000, na "Article 15", yaani jitafutie mwenyewe, ikawa ndiyo sheria ya kweli ya kila ofisi. Wazee wengi wa Gécamines waliendelea kwenda karakana hata malipo yalipochelewa miezi na miezi, kwa sababu mtu alikuwa na mashine yake, na wenzake walijua ni nani anayeijua. Uaminifu ule haukuwa wa milele. Mwaka 2003 zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari, na nyumba nyingi za jiji hili bado zinaongea habari hiyo mezani. Usipime uvumilivu wetu kwa ule wa wazee wale.

Ombi langu la mwisho ni dogo. Kikao chako cha kwanza na watumishi kifanyike ukumbini, na wote waitwe, Nouvelles Unités pamoja na wafagiaji. Njoo na orodha ya primi ya mgao uliopita, uisome yote kwa sauti, na umruhusu kila mtu aulize. Nitakuwa mstari wa mbele, na nina maswali yangu nimeshayaandika.

Wako katika kazi,
Mama shefu wa biro, Lubumbashi